Kabla hujanunua gari ya kukokotea boti, soma hii kwanza

Assalam aleikum ndugu zangu. Wiki hii tu nimepigiwa simu na watu watatu na swali lao ni moja, nimepata boti ya faiba nataka gari ya kuikokota, je ninunue ipi na iwe oto (inayobadilisha gia yenyewe) au manyuo (ya klachi na gia za mkono)? Nikaona bora niandike mara moja, anayetaka asome kwa nafasi yake, maana mimi jambo hili limenigharimu pesa nyingi na siku moja lilikaribia kunigharimu zaidi ya pesa.

Mimi niko Chake, Pemba, boti yangu ni futi 19, navulia na wageni wakiwepo nawapeleka Misali. Siku za kusi boti huiachi nangani wiki nzima, kwa hiyo inapanda tela inarudi nyumbani, halafu mara naishusha Wesha mara Mkoani, inategemea wageni wamefikia wapi. Na anayeijua Pemba anajua kisiwa chetu hakina tambarare, unapanda unashuka unapanda unashuka. Mtu wa Unguja anaweza kuvuta boti kutoka Nungwi mpaka mjini asikutane na mlima wa maana, huku kwetu mlima wa kwanza unaupata injini hata haijapata moto. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa Unguja usiuchukue wote kama ulivyo.

Gari yangu ya kwanza sitoitaja jina. Ilikuwa petroli cc 2000, nzuri kwa macho, laini, na giaboksi yake ilikuwa hii ya CVT, aina ya oto ya mkanda, nitaieleza chini. Kwa kutembelea na familia sikuwa na neno nayo. Sasa siku hiyo ni msimu wa karafuu, saa nane mchana jua limewaka, nimetoka bandarini Mkoani na boti nyuma na madumu ya mafuta ndani ya boti, majamvi ya karafuu yameanikwa pembeni mwa barabara kwa hiyo huwezi kuchukua kasi wala kujitoa pembeni. Nakanyaga mafuta, resi (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda mpaka elfu tano, injini inalia, gari haiendi. Mara taa ya njano ikawaka, nguvu zikakatika, gari ikasimama katikati ya mlima. Nimevuta hendibreki mpaka mwisho na bado tela inaivuta gari nyuma, nasikia matairi yanasaga kokoto kidogo kidogo. Vijana waliokuwa wanaanua karafuu wakaja mbio na mawe wakayatia nyuma ya magurudumu ya tela. Mwanangu alikuwa kiti cha mbele. Mpaka leo nikipita pale moyo unanienda mbio.

Gari ilivutwa mpaka kwa fundi Machomanne, akafungua nati ya chini akakinga beseni jeupe. Oili ikatoka nyeusi kama kahawa ya mwisho wa birika, inanuka ukoko wa wali ulioungua, akachovya kidole akakigeuza juani, unga wa chuma unametameta kwenye ncha ya kidole. Akaniambia, "Ami, hapa hakuna cha kubadilisha oili, giaboksi imeshakwenda."

Na hapa ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza. CVT haina gia kama tulizozizoea, kuna mkanda wa chuma unabanwa baina ya puli mbili, puli zinapanuka na kusinyaa ndiyo unahisi gari inakwenda laini bila kushtuka. Kwa gari tupu ni kitu kizuri na inakula mafuta kidogo, lakini ukiitia mzigo mzito mlimani mkanda unabanwa kwa nguvu sana, joto linapanda, na joto likizidi kompyuta inakata nguvu ili giaboksi isife. Mimi siku ile nilikuwa nimeshaipandisha mlima ule mara nyingi, kila mara inaungua kidogo kidogo bila mimi kujua. Basi ikiwa kazi yako ni kukokota milimani, CVT iwache, wachia wenye kwenda kazini na kurudi.

Oto ya kawaida ni habari nyingine. Baina ya injini na gia kuna tobo konveta, ndani yake oili inasukumwa na mapanga yanayotazamana, na gari inapoanza kuondoka ile konveta inazidisha msukumo wa injini karibu mara mbili. Ndiyo maana oto inang'oa boti mchangani bila kelele wakati manyuo unasugua diski za klachi mpaka pwani nzima inanuka. Adui wa oto pia ni joto, kwa hiyo fungisha kula (cooler, kipoza oili) ya ziada ya oili ya giaboksi mbele ya rejeta, na oili usingoje kilomita za kwenye kitabu, ibadilishe mapema. Kwenye Toyota za zamani kuna kile kidude cha O/D pembeni mwa mkono wa gia, ukiwa na tela mlimani kizime, la sivyo gia inapanda inashuka inapanda inashuka na kila inapobadilisha ndiyo inachemka. Na kushuka, hasa ule mteremko wa kuingia Mkoani bandarini, tia 2 au L mapema kabla hujaanza kushuka, injini ndiyo ikushikie gari. Ukiutegemea mguu kwenye breki mpaka chini utafika breki hazipo.

Manyuo siisemi vibaya. Klachi fundi yeyote wa Pemba anaifunga siku moja, oto ukiiua unasubiri giaboksi ya mtumba ije kwa meli. Mwenye Land Cruiser ya 70 ya manyuo abaki nayo, ila ajifunze kutia loo, ile gia nzito ya magurudumu yote manne, anapopandisha boti pwani.

Nije kwenye uzito, maana hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Mtu anakwambia boti yangu nyepesi, hii faiba tu. Hebu tupige hesabu ya yangu. Boti tupu kilo 600 na kitu. Mashine mbili za Yamaha farasi 40, hizi za two-stroke, kila moja kilo sabini na kitu, hiyo 150. Petroli lita 100 ni kilo 75. Tela ya chuma kilo 350. Nanga, kamba, maboya, ndoo za barafu, jumla nimefika kilo 1300 na sijatia samaki hata mmoja.

Sasa usikilize vizuri. Toyota Prado, toleo la 150, ya dizeli, ile ya milango mitano, iliyouzwa Uingereza imeruhusiwa kuvuta kilo 3000 ikiwa tela ina breki zake yenyewe. Tela ikiwa haina breki, gari ileile, ruhusa inashuka mpaka kilo 750. Yaani robo! Na tela zetu zinazochomewa mitaani nyingi hazina breki hata moja. Kwa hiyo hata ukinunua Prado mpya, ukiifunga tela ya kuchomea isiyo na breki na boti kama yangu umeshapita kipimo karibu mara mbili. Mimi nilitafuta ekseli ya mtumba yenye breki za kujibana zenyewe, tela inaposukuma gari ule mkono wa mbele unaingia ndani na kuvuta waya wa breki. Pesa yangu nzuri kuliko zote niliyoitumia kwenye jambo hili ni hiyo.

Gari zetu nyingi zinatoka Japani na kitabu chake ni Kijapani, uzito wa kuvuta huupati humo. Tafuta modeli hiyohiyo ilivyouzwa Uingereza au Australia, lakini hakikisha injini na giaboksi ni zilezile, jina peke yake halitoshi. Waingereza wanaokokota karavani, zile nyumba za magurudumu, wana kanuni ya anayeanza, tela isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Mimi naipenda kanuni hii. Boti yangu ya 1300 inataka gari ya kilo 1530 kwenda juu, na kwa milima yetu naongeza zaidi.

Injini, usitazame farasi, tazama msukumo unapatikana kwenye resi gani. Petroli ya cc 2000 inakupa kama nyutoni mita 190 na mpaka ufike resi 4000 hivi. Dizeli ya cc 3000 ya Prado 150 inakupa 410, na inaanza kukupa kwenye 1600. Mlimani na boti nyuma utaiona tofauti hata redio huizimi.

Mimi sasa natumia Prado ya dizeli, oto, na kilichonifanya niipende hasa ni loo. Huku kwetu pwani nyingi hazina sehemu iliyojengwa ya kushushia boti, unaingia mchangani, na siku za bamvua maji yakipwa yanakwenda mbali na wewe unaifuata boti mpaka kwenye tope. Gari inayovuta kwa magurudumu ya mbele, boti ikikalia nyuma pua inanyanyuka na matairi ya mbele yanazunguka bure. Lakini ukitia loo, matairi umeyapunguza upepo mpaka psi 18 hivi, mguu mwepesi, inatoka. Ambaye Prado haimuwezi kwa bei na boti yake haifiki tani, atafute Suzuki Escudo yenye loo, za kabla ya 2005 zina chasisi yake kabisa, ila alale chini aitazame kutu kwa tochi na agonge kwa bisibisi.

Uzito wa kwenye kichwa cha tela nao upime, chukua mizani ya nyumbani ya kupimia watu, weka gogo juu yake, lishushe kichwa cha tela juu ya gogo kwa kimo kilekile cha gari. Mimi natafuta kilo 90 mpaka 100. Ikiwa 30 maana yake mashine zimevuta nyuma na njiani tela itayumba mkia, sogeza boti mbele au toa madumu nyuma.

Na ukifika pwani usiingize tela majini hapohapo. Beringi zina moto, zikiguswa na maji ya chumvi ghafla hewa ya ndani inasinyaa inanyonya maji kupitia sili, baada ya mwezi unasikia mlio. Weka kiganja kwenye habu, yaani katikati ya gurudumu, ukiweza kukiacha hapo bila kukitoa ndiyo uingie. Mimi nangoja nusu saa, nafunga kamba, naswali kama wakati umeingia, ndipo nashusha, na nikirudi nyumbani maji baridi kila mahali, breki, springi, na chini ya gari yenyewe.