Muhogo unaoza ardhini: tazama mbegu kabla ya udongo

SWALI: Assalaam aleikum Bwana Shamba. Nina konde la muhogo hapa Micheweni. Miti imestawi, kila anayepita anausifu. Lakini nikichimba, nje muhogo mzima, ndani una madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Jirani ananambia udongo umechoka, na muuza duka anataka ninunue mfuko wa mbolea. Ninunue?
Mama Mkulima, Micheweni, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Fedha yako iweke. Udongo uliochoka ungekupa miti dhaifu na muhogo mwembamba. Wako umestawi juu na kuoza ndani. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, nao unaletwa na virusi. Mbolea haiuponyi, wala hakuna dawa ya kupiga. Si ugonjwa mpya pwani yetu: mtafiti Storey aliueleza tangu 1936, akiwa Amani, Usambara.

Ingia kondeni utazame majani ya chini, yale yaliyokomaa. Utaona umanjano unaofuata mishipa ya jani. Watu wengi hutazama kileleni kwa sababu wamezoea batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, unaokunja majani machanga. Huu wa michirizi hukaa chini, na majani hayo yakishapukutika mti unaonekana mzima kabisa.

Muhogo tunaupanda kwa kukata mti wenyewe, kwa hiyo virusi vilivyomo mtini vinaingia tutani pamoja na mbegu. Inzi weupe wanavieneza toka mti hadi mti, lakini kinachovipeleka mbali, kijiji hadi kijiji, ni mbegu tunazoombana. Kupeana mbegu ya muhogo ni wema wetu wa siku zote na sitaki hata kidogo ukatike. Ila unapopewa, omba kwanza mchimbe mti mmoja, muukate muhogo wake muone.

Na konde lako, chimba sasa. Najua tunapenda kuuacha muhogo ardhini kama akiba ya futari, lakini wenye ugonjwa huu kila ukikaa ndivyo unavyozidi kuoza. Palipo peupe pakate upike, virusi hivi havimdhuru mtu. Kabla ya kuchimba, ifunge kitambaa miti ambayo majani yake hayana umanjano. Ukiing'oa hiyo, kata kila muhogo mapande kadhaa, kuanzia kichwani mpaka mkiani, kwa kuwa mmoja unaweza kuwa safi na wa pili yake, mti huo huo, umeoza. Ukiona doa hata moja, usichukue mbegu hapo.

Mti uliopita mtihani huo, acha ncha yake laini, chukua sehemu iliyokomaa. Kata kiasi cha shibiri moja, yenye macho matano hadi saba, kwa panga kali lisilopasua. Panda mita moja kwa mita moja. Mbegu zikishachipua zungukia mara kwa mara, na wenye dalili ung'oe mapema, usiuonee huruma.

Ukikosa mti safi hata mmoja, usirudie mbegu hiyo. Muulize bibi shamba au bwana shamba wa shehia yako mbegu zinazostahimili: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Ziagize kabla vuli haijaingia, maana mvua ikishaanguka kila mtu anazitaka.

SWALI: Nikishavuna kunde, mabaki niyachome ili shamba liwe safi?
Mkulima, Makunduchi

JIBU: Usichome, ndugu yangu. Ng'oa mche mmoja uone vile vijinundu vya mizizini: humo mna bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani, chakula cha zao litakalofuata. Kata mashina, mizizi iache humo humo, majani yatandaze juu. Kwenu uwandani, ambako udongo ni kidogo baina ya mawe na jua linaukausha upesi, matandazo hayo utayahitaji zaidi kuliko mtu wa Dole, mwenye udongo wa kina.