Shangazi, wanadhani mkaa ndio mtindo wangu

*Shangazi, shikamoo. Nasoma sanaa mwaka wa pili hapa Mwanza. Tangu nianze nachora kwa mkaa tu, nikiulizwa nasema ndio mtindo wangu. Ukweli ni kwamba sina hela ya rangi. Sasa mwalimu anataka picha ya rangi ya Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa. Nifanyeje? Mwenye Mkaa, Igogo.*

Marahaba mwanangu. Nimeumia kusoma kuwa umelibeba hili peke yako muda wote huo. Mfuate mwalimu kabla ya kipindi, akiwa peke yake: “Mwalimu, nachora kwa mkaa kwa sababu sijaweza kununua rangi. Naomba unisaidie nianze na rangi chache.” Inatosha. Wenzako huna deni nao. Wakiuliza, waambie umeanza rangi.

Seti kubwa ya tyubu achana nayo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, ulizia rangi ya unga ya kuchanganya na saruji ya sakafu: nyekundu, njano na nyeusi, kidogo kidogo. Ongeza gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeupe ya maji ya ukutani. Funga pua, vumbi lake si la kuvuta. Lowesha unga, usage kwa kisu juu ya kioo mpaka madonge yaishe, ndipo utie gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Paka mstari, ukikauka usugue kwa kidole. Ukitoka unga, gundi ni kidogo. Uking'aa kama plastiki, imezidi. Changanya ya siku hiyo tu, na brashi ioshe palepale, maana gundi ikishakauka haitoki.

Turubai ni amerikani uliyoiwamba kwenye fremu. Misumari ianzie katikati ya kila upande. Ukianzia kona, kitambaa kinajikunja. Paka gundi kipimo kimoja kwa maji viwili, ikauke, kisha nyeupe mara mbili, la sivyo kitambaa kitainywa rangi yako yote.

Ziwa bila bluu? Changanya nyeusi na nyeupe, uiweke kando ya nyekundu na njano: jicho litaiona bluu. Njano na nyeusi inakupa kijani cha magugu maji. Mawe, mbao za mitumbwi, dagaa walioanikwa, vyote vimo humo. Kupima mwanga na kivuli, panapowakwamisha wengi wenye rangi zao, wewe mkaa umeshakufundisha. Anza kwa mchoro wa mkaa, ila upanguse unga wote, maana utaichafua njano. Na kama kuna mtumbwi wa bluu usiokwepeka, nunua tyubu moja tu.