Jibu: Nyumba ya babu Mji Mkongwe, ya Kiarabu au ya Kihindi?

Salaam ndugu. Umeuliza nyumba ya babu yenu pale Mji Mkongwe, Unguja, ni ya Kiarabu au ya Kihindi, ukaweka picha ya mlango tu. Mlango uache kwanza, milango huhamishwa na kuuzwa. Ingia ndani. Ukikuta ua katikati, vyumba vimeuzunguka na kuta za nje hazina mapambo, mara nyingi asili yake ni ya Kiarabu. Chini duka linalotazama njia, juu roshani ya mbao? Hapo ni Kihindi. Yetu ilinichanganya: ua upo, duka lilitobolewa baadaye. Vyumba vyembamba visikushangaze, upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Na tafadhali, msipige lipu ya saruji juu ya chokaa! Sisi tulipiga, unyevu ukanasa ukutani.