Jolene anaombwa, hatishwi

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni wimbo gani wa kantri uliorudiwa na waimbaji wengi, na msikilizaji mgeni aanze na toleo lipi? Najua wapenzi wa kantri wa hapa Kenya, waliokulia kwa Jim Reeves na Kenny Rogers redioni, watawaletea majina mengi. Langu ni "Jolene" wa Dolly Parton, mtunzi na mwimbaji wa Marekani, na mgeni aanze na rekodi ya Dolly mwenyewe, kwa sababu bila kuijua hiyo hawezi kupima nyingine.

Dolly aliurekodi mwaka 1973 Nashville, katika Studio B ya RCA, chini ya mtayarishaji Bob Ferguson. Mapema 1974 ulishika nafasi ya 1 kwenye chati ya kantri ya Billboard, gazeti la muziki la Marekani, ingawa kwenye chati kuu ya Marekani uliishia nafasi ya 60. Uingereza uliingia kumi bora mwaka 1976. Kisa chenyewe ni kifupi, hakifiki dakika 3: mke anamwendea mwanamke anayemvuta mumewe. Hamtukani. Anamsifu nywele, ngozi, macho na sauti, anakiri kwamba hawezi kushindana naye, hata anamwambia kuwa mume hulitaja jina lake usingizini. Kisha anamwomba asimchukue. Dolly amesimulia kwamba chanzo ni karani wa benki mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akimchangamkia mumewe, na kwamba jina alilipata kwa mtoto aliyekuja kuomba saini yake.

Kwa hiyo kila toleo nalipima kwa swali moja: huyu mwimbaji bado anaomba?

Kabla ya sauti kuingia, wasiwasi wote umeshawekwa na gitaa. Mpigaji anayetajwa kwa kazi hiyo ni Chip Young. Kidole gumba kinapokezana nyuzi za besi bila kusita, huku vidole vingine vikichokoa nyuzi nyembamba katikati ya midundo. Kasi ni kama midundo 110 kwa dakika. Anayetaka kuupiga sambamba na rekodi abane kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) kwenye freti ya 4, yaani chuma cha nne cha shingo hiyo, atumie maumbo ya akodi za Am (A maina), C na G, na Em inayopita upesi kabla ya kurudi Am. Kitakachosikika ni C# maina. Vidole vikiwa vizito, uanze kwa midundo 80, besi peke yake, mpaka gumba liende bila kuangaliwa. Ndipo uongeze nyuzi za juu.

Wengi huharibu hapa. La kwanza ni kuchapa nyuzi zote kwa mkupuo: besi inamezwa, na wimbo unageuka kuwa wa kuimbwa mkizunguka moto wa kambi. La pili ni la wapiga gitaa na kinanda waliozoea nyimbo za kwaya, ambao mkono huwapeleka kwenye E meja kila wanapotaka kurudi Am. Ndani ya E meja mna G#, noti inayoisukuma Am kwa nguvu na kuufunga mstari vizuri mno. Kwenye "Jolene" G inabaki G, ndiyo maana wimbo una ile ladha ya nyimbo za kale za milima ya Appalachia, kama ombi lisilopata jibu. Weka E meja mara moja tu, na mwenye sikio atageuka. La tatu ni la waimbaji. Kwenye kiitikio jina linapanda ngazi kadiri linavyorudiwa, na la nne linavutwa. Chagua ufunguo kwa kuangalia kilele hicho, maana ukiupima kwa ubeti, ulio chini, utajikuta unapiga kelele pale ambapo Dolly anazidi kunyenyekea.

Sasa waliorudia. Olivia Newton-John aliuweka kwenye albamu yake ya 1976, "Come On Over". Umeimbwa safi, ila bendi imejaa kiasi kwamba yule mke haonekani kuwa peke yake. Kikundi cha Strawberry Switchblade kiliupeleka kwenye sinthesaiza mwaka 1985. Usikilize mara moja inatosha. Miley Cyrus, ambaye Dolly ni mama yake wa ubatizo, aliuimba uani na bendi yake mwaka 2012, na sauti yake nzito yenye mikwaruzo inaufaa kuliko watu wanavyokubali. Pentatonix, kikundi cha waimbaji, waliuimba na Dolly mwenyewe mwaka 2016 bila ala yoyote, wakapata Grammy. Hapo kazi ya gumba imepewa midomo, na ukitaka kuusikia ule uchokoaji wa gitaa umefumuliwa uzi mmoja mmoja, toleo hilo ni darasa.

Kwangu wa pili baada ya Dolly ni White Stripes, bendi ya roki ya Marekani. Waliutoa mwaka 2000 upande wa pili wa santuri yao ya "Hello Operator", kisha wakautoa tena kama singo mwaka 2004, safari hii kutoka onyesho la Blackpool. Mwimbaji wao, Jack White, hakubadili neno: mwanamume anaimba akiomba asinyang'anywe mwanamume wake. Anaanza chinichini, gitaa la umeme likinguruma kwa mbali, halafu sauti inapasuka. Ni kelele, naam, lakini ni kelele ya mtu aliyepiga magoti. Lil Nas X naye aliyaacha maneno hivyo hivyo alipouimba BBC mwaka 2021.

Kuna toleo jingine ambalo hakuna aliyeliimba. Ni santuri ya Dolly ya mizunguko 45 kwa dakika iliyochezwa kwa 33⅓, ikasambaa sana mtandaoni. Kasi inashuka hadi midundo 81 hivi, na sauti inateremka zaidi ya nusutoni 5 (hatua ndogo kabisa za kinanda), hivyo Dolly anasikika kama mwanamume mpole mwenye huzuni, na kila noti ya gitaa inapata nafasi yake. Wanaojaribu nyumbani hukwama kwa sababu programu nyingi za simu hupunguza mwendo huku zikilinda sauti isishuke, na uchawi wote unapotea. Kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, chagua athari inayobadili kasi na sauti kwa pamoja. Ina sehemu ya santuri, weka kutoka 45 kwenda 33⅓.

Beyoncé, kwenye "Cowboy Carter" ya Machi 2024, ameshindwa kipimo changu kwa makusudi. Mke wa kwenye wimbo wake haombi, anaonya. Mistari mingi ni mipya, na karibu na mwisho wanaume wanaingia kwa pamoja kuahidi kusimama naye. Ni wimbo mzuri, ila ni wimbo mwingine, na sheria ya Marekani inaitambua tofauti hiyo. Wimbo ukishatoka, yeyote anaweza kuurekodi kwa leseni ya lazima bila kumwomba mtunzi. Mwaka 2024 malipo yalikuwa senti 12.4 za dola kwa nakala, wimbo usipozidi dakika 5. Leseni hiyo inakuruhusu kuupanga kwa mtindo wako, lakini haikupi ruhusa ya kubadili melodi ya msingi wala tabia ya wimbo. Ukitaka kuandika beti zako lazima uende kwa mwenye haki, na hapa mwenye haki ni Dolly, ambaye hakuwahi kuuza tungo zake kirahisi. Kwenye albamu hiyo yeye mwenyewe anasikika akiukaribisha wimbo.

Ukimaliza hayo yote, tafuta "Diane" wa mwimbaji Cam, wa 2017. Si toleo la "Jolene", ni jibu lake: yule mwanamke wa pili hatimaye anafungua mdomo, anamweleza mke kwamba hakujua mwanamume ana mke.