Dola nyingi, mechi chache: kabla hujasaini kwenda kucheza nje

Mshahara wa dola 3,000 kwa mwezi si mkubwa wala si mdogo mpaka uniambie kwanza una miaka mingapi. Hivyo ndivyo ninavyowajibu wazazi wanaonijia na simu mkononi kunionyesha ofa ya mtoto wao, na wengi hawafurahi. Wamekuja kusikia neno moja tu, nenda au usiende. Nawaelewa. Hapa Kigoma, ambako nafundisha watoto mpira tangu nilipotundika daluga, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 7, na ukisema mtaani Mwanga kwamba bado unazifikiria, watu watauliza kama una akili timamu.

Mimi niliondoka nikiwa na miaka 28. Winga wa kulia, goti limeshaanza kudai haki yake, nimezichezea timu za hapa na za Tabora, nimelala kwenye treni kuliko nilivyolala kwetu. Nikapata klabu ya daraja la chini Oman. Sikudanganywa na mtu wala sikujidanganya: nilikuwa nafuata pesa. Nikaipata, nikajenga Gungu, na ningekuwa na miaka 28 leo ningekwenda tena kesho asubuhi.

Lakini chumba chetu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa dogo wa miaka 20, Mtanzania, mguu wa kushoto wa hatari, na mkataba wake ulifanana na wangu karibu kila kipengele. Kwangu mkataba ule ulikuwa kiinua mgongo. Kwake ulikuwa kitu kingine kabisa, na ilichukua muda mpaka mmoja wetu akaliona hilo. Joto la kule linawapeleka mazoezini baada ya isha. Mechi za daraja lile zilikuwa chache, jukwaani unaweza kuwahesabu watu ukamaliza, na hakuna kamera. Msimu wa pili akaja kocha mpya na wachezaji wake wa kigeni. Nafasi za wageni kule zina ukomo, kwa hiyo jina la dogo likaondolewa kwenye usajili. Mshahara uliendelea kuingia, siwezi kusema uongo. Alikuwa anafanya mazoezi, anakula vizuri, anatuma pesa nyumbani, na hachezi.

Aliporudi Tanzania alikuwa na miaka 22. Kila timu iliuliza swali lilelile: msimu uliopita umecheza mechi ngapi, na video iko wapi? Hakuwa na jibu. Akaingia kwenye majaribio ya timu ya Championship, daraja la pili la hapa nchini, akiwa amepanga foleni na vijana ambao hawajawahi kupanda ndege.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninaloliangalia kwenye ofa ya kijana ni dakika atakazocheza. Nani anacheza namba yake sasa? Ana umri gani na mkataba wake unaisha lini? Ligi hiyo inaruhusu wageni wangapi, na klabu inao wangapi tayari? Mechi zinarekodiwa? Skauti, yaani msaka vipaji, wa siku hizi hakai jukwaani na daftari. Anafungua kompyuta, anatafuta jina, anaangalia dakika na vipande vya mechi. Jina lisipoleta kitu anakwenda kwa mwingine. Wala hana ubaya, ana orodha ndefu tu.

Mifano mnayo, kwa sababu mpira wa Afrika mnaufuatilia kuliko mimi. Luis Miquissone aliwafunga Al Ahly ya Misri akiwa na Simba Februari 2021, na miezi michache baadaye Al Ahly hao hao wakamchukua. Nani angekataa Cairo? Namba ya kudumu hakuipata, akatolewa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia, na 2023 akarudi Simba. Clatous Chama alikwenda RS Berkane ya Morocco 2021, na Januari 2022 alikuwa ameshavaa tena jezi nyekundu ya Simba. Hao ni wachezaji wakubwa, wenye majina, ambao klabu zilikuwa tayari kuwapokea wakirudi. Dogo wa Ujiji hana Msimbazi, nyumbani kwa Simba, ya kumngojea.

Upande wa pili yupo Fiston Mayele. Aliondoka Yanga 2023 kwenda Pyramids ya Misri akiwa na miaka 29, umri ambao hata angekwenda kwa ajili ya mshahara tu nisingemlaumu. Amecheza, amefunga, na 2025 amebeba Ligi ya Mabingwa Afrika. Mshambuliaji aliyekamilika akienda kwenye timu inayohitaji mshambuliaji, pesa na mpira vinaweza kukaa meza moja.

Ila kwa vijana wangu ninayemtumia zaidi ni Mbwana Samatta, na si kwa ile picha ya Aston Villa ya England ambayo kila mtu anayo. Nawaambia waangalie 2011. Alikuwa na miaka 18, akatoka Simba akaenda TP Mazembe. Wapo waliouliza kwa nini Kongo. Sisi wa huku tuliokulia tukiwaona watu wa Kalemie wanashuka bandarini hatukushangaa sana: Lubumbashi, mji wa Mazembe, wanazungumza Kiswahili, na Mazembe ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika 2009 na 2010, tena ikacheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan. Akakaa pale miaka mitano hivi, akicheza mechi nzito wiki hadi wiki, mpaka 2015 wakabeba Ligi ya Mabingwa naye akiwa miongoni mwa wafungaji bora. Januari 2016 ndipo Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 akawa miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi Kuu ya Ubelgiji na timu yake ikawa bingwa. England ilikuja baada ya yote hayo. Novatus Dismas naye alitoka Azam akapita Israel, akapita Zulte Waregem ya Ubelgiji, na 2023 akaichezea Shakhtar Donetsk Ligi ya Mabingwa Ulaya. Zulte Waregem haimtii mtu wivu kijiweni. Lakini alikuwa anacheza.

Kuna dhana moja inanikera, kwamba nje ni juu na nyumbani ni chini. Ilikuwa na ukweli wake zamani. Leo Ligi Kuu yetu inaonekana Azam TV. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba ikacheza fainali hiyo 2025, na kati ya hapo zote mbili zilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu mmoja. Kijana anayeanza kikosi cha kwanza Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, pale uwanja wa Lake Tanganyika anaonekana na watu wengi zaidi kuliko aliyeko daraja la pili la nchi ya Ghuba. Huyo wa Ghuba anapanda ndege kwenda kushuka ngazi, na analipwa vizuri kwa kushuka. Kama ana miaka 30, ashuke salama. Kama ana 20, ajue anachouza.

Sasa karatasi yenyewe. Ukurasa wa mshahara ndio ambao watu huukodolea macho, mimi naanza na muda. Mkataba wa miaka minne kwa kijana unaitwa usalama, na kwa upande mmoja ni kweli. Ila kama hachezi, miaka minne hiyo hiyo ndiyo inayomfunga, maana klabu nyingine italazimika kumnunua, na nani anamnunua mtu asiyecheza? Napenda miwili. Halafu natafuta kile kipengele kidogo kinachosema klabu ina hiari ya kuongeza mwaka. Hiari ya nani? Kama ni ya klabu peke yake, huo ni mkataba wa miaka mitatu uliovaa nguo ya miwili. Omba saini yako nayo ihitajike. Omba pia kiwango cha kuuzwa kiandikwe kabisa, ili klabu ikija na pesa hiyo usizuiwe.

Na miezi sita ya mwisho ya mkataba ni yako: kanuni za FIFA, shirikisho la mpira duniani, zinakuruhusu kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu ujao. Wachezaji wengi wa huku hawalijui hili. Wanaongezewa mkataba mapema, wanafurahia pesa ya usajili, wanatoa bure silaha pekee waliyokuwa nayo.

Mengine nitayapitia haraka. Kanuni hizo hizo zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi, kwa hiyo ukiambiwa "tumesaini ila tunasubiri vipimo", uliza vizuri. Vipimo vinatangulia, saini inafuata. Mshahara uandikwe ni wa mkononi baada ya makato yote. Nyumba, tiketi ya kurudi, bima ya matibabu, viandikwe. Mkataba ukiwa wa lugha mbili, angalia upi unashinda pakitokea ubishi. Pasipoti ibaki kwako. Wakala awe na leseni ya FIFA, siku hizi wanafanya mtihani na majina yao yanatafutika mtandaoni. Akisema leseni ipo njiani, na wewe mwambie saini ipo njiani. Mtu akija kumchukua mtoto wa miaka 16 kwenda nje, mfunge mlango. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 isipokuwa kwa mazingira machache sana, na huyo mgeni anajua.

Usipolipwa, usikimbie usiku. Mishahara miwili ikipita tarehe zake bila kulipwa, kanuni inakupa sababu halali ya kuvunja mkataba, mradi umeidai klabu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15. Maandishi, ndugu yangu, si sauti za WhatsApp. Simon Msuva alipogombana na Wydad Casablanca juu ya malipo yake, shauri lilifika FIFA na akashinda. Ukiondoka kimyakimya, wewe ndiye unayekuwa umevunja mkataba.

(Kwa walimu wenzangu wa timu za mtaani: sajilini watoto. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kama jina lake halimo kwenye kumbukumbu za klabu yako, hukumlea.)

Nimeacha jambo gumu kuliko vipengele vyote, nalo ni nyumbani. 2024 serikali iliufunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ziwa lipumzike. Dirisha la usajili liko humo humo. Mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi alinijia kipindi hicho na ofa ya mwanawe wa miaka 20: Ghuba, miaka minne, dola 3,000. Biashara imesimama, wadogo zake wanadaiwa ada, na mimi nimekaa pale namwambia habari za dakika za kucheza.

"Kocha," akaniambia, "hizo dakika zinapikwa?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama alilihitaji. Mzazi wa namna hiyo si mchoyo. Amengoja muda mrefu. Kwa hiyo hatukuzungumza mpira, tulichukua daftari. Familia inahitaji kiasi gani kwa mwezi ili isimame? Si kiasi gani wangependa, kiasi gani wanahitaji. Ikatoka namba ambayo ilikuwa chini sana ya dola 3,000, na namba hiyo ndiyo iliyotupa nafasi ya kujadiliana. Bila hiyo, kijana anaingia mezani akiwa ameshakubali. Hili nawashauri wote: kaeni na familia kabla ya kukaa na wakala, mkubaliane kitakachotumwa kila mwezi, na mjomba mwenye mpango wa bodaboda kumi aambiwe mapema kwamba hayumo.

Tukarudi kwa klabu kupitia wakala. Tukaomba miaka miwili badala ya minne, mwaka wa nyongeza uhitaji saini ya mchezaji, na tukauliza wazi nani anacheza namba nane, nafasi yake ya kiungo. Ikawa vuta nikuvute, wakala akakasirika, kwa siku kadhaa simu zikakatika na kijana akaacha kunisalimia. Mwishowe wakakubali miwili, mshahara ukashuka hadi dola 2,400. Akaenda. Msimu wa kwanza aliingia akitokea benchi mara nyingi, wa pili ameanza karibu mechi zote, na rekodi zipo.

Sasa amefika kwenye ile miezi sita yake. Klabu yake inataka kumwongezea na imepandisha dau. Kuna klabu ya Tunisia imemuulizia pia, ligi ngumu zaidi, mshahara mdogo kuliko huu wa sasa. Yeye anataka Tunisia. Mama yake bado hajaambiwa, na nasikia kazi hiyo nimepangiwa mimi.