Maswali ya Wasomaji: Sensa ya Oksijeni Imebadilishwa Mara Mbili na Taa Bado Inawaka

SWALI: Ninamiliki Toyota Mark X ya mwaka 2006 yenye injini ya 4GR, V6 ya lita 2.5. Miezi miwili iliyopita fundi wa kuchomelea alinitengenezea hedasi mbili, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda za kila upande wa injini, na kuondoa masega yote ya egzosi, yale yanayosafisha moshi. Wakati huohuo niliondoa boksi la filta ya hewa, nikaweka filta ya koni kwenye bomba la kipenyo cha milimita 76, ingawa lile la awali lilikuwa la milimita 70, na sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, tukaihamishia kwenye bomba jipya. Wiki ileile taa ya injini iliwaka, na mashine ya kupimia ikasoma misimbo ya hitilafu P0174, P0420 na P0430. Fundi alisema sensa ya oksijeni ya mbele, upande wa pili, imekufa. Tumeshainunua mara mbili bila mafanikio. Kwenye simu yangu sensa hiyo inaonyesha volti 3.3 isiyotikisika, ilhali nimesoma kwamba sensa nzima hucheza kati ya 0.1 na 0.9. Masahihisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, nikijumlisha ya muda mfupi na ya muda mrefu, injini ikiunguruma bila kukanyagwa ni asilimia +17 upande wa kwanza na +36 upande wa pili. Nikishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, upande wa kwanza unabaki +17 na wa pili unashuka hadi +20. Plagi za upande wa pili zimetoka nyeusi kwa masizi. Je, ninunue sensa ya tatu?

Msomaji wa Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue. Waswahili husema mjumbe hauawi, na wewe umeshawaua wajumbe wawili kwa kuleta habari ambayo hamkutaka kuisikia. Nakushukuru hata hivyo kwa kuandika tarakimu zote, kwa sababu jibu lako limo ndani yake.

Kwanza tuimalize hofu ya volti 3.3. Sensa inayocheza kati ya 0.1 na 0.9 ni ile ya kawaida, ambayo hueleza tu kama mafuta yamezidi au yamepungua. Sensa za mbele za gari lako ni za aina nyingine, zinazopima uwiano wenyewe wa hewa na mafuta, na kwa Toyota volti 3.3 maana yake ni kwamba mchanganyiko uko sawasawa, yaani takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Hewa ikizidi, volti hupanda, na mafuta yakizidi, hushuka, kinyume kabisa cha sensa ya kawaida. Mashine nyingine za kupimia huigawa tarakimu hiyo kwa tano na kuonyesha 0.66, na sensa nyingi nzima zimetupwa jalalani kwa sababu ya 0.66 hiyo. Kwako kutotikisika kunaonyesha kwamba kompyuta imefanikiwa kuituliza sensa mahali inapotakiwa. La kujiuliza ni imelazimika kuongeza mafuta kiasi gani ili ifike hapo, na jibu ni asilimia 36, ambazo ni nyingi mno.

Sasa tazama plagi. Msimbo P0174 unasema upande wa pili una mafuta pungufu, lakini plagi za upande huohuo zina masizi, ambayo ni alama ya mafuta kuzidi. Zote mbili zinaweza kusema kweli kwa pamoja endapo oksijeni inayosomwa na sensa haikupitia ndani ya silinda. Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba huweza kushuka chini ya lile la nje, kiasi kwamba tundu dogo kwenye weldi au kwenye flanji, pale mabomba yanapofungwa kwa bolti, hunyonya hewa. Sensa huiona hewa hiyo, kompyuta hudhani mafuta ni machache, huongeza, na silinda zinazama katika mafuta ambayo hazikuyahitaji. Mizunguko ikipanda, moshi huwa mwingi na hewa ya tunduni haionekani sana. Ndiyo maana upande wako wa pili unashuka kutoka +36 hadi +20. Kwa maoni yangu hedasi ya upande wa pili inavuja kabla ya sensa.

Kulitafuta tundu hakuhitaji mashine ya gharama. Injini ikiwa baridi, piga stata usikilize mlio wa tiki-tiki unaopotea chuma kikipata moto na kutanuka, kisha ukague weldi na gasketi kwa tochi ukitafuta mistari myeusi ya moshi. Usipoona kitu, zima gari, ingiza hewa ya shinikizo dogo kupitia mwisho wa egzosi, ziba nafasi kwa kitambaa, na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Patakapotoa mapovu ndipo pa kuchomelea. Tafadhali umzuie fundi asipake silikoni ya bomba kwenye flanji hizo, kwani mvuke wa baadhi ya silikoni huacha tabaka jeupe kwenye ncha ya sensa na kuiua kwelikweli. Weka gasketi ya chuma. Kagua pia kama nyaya za sensa ziliongezwa urefu kwa kulehemu kwa risasi. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake, na risasi huiziba njia hiyo.

Tundu likizibwa, futa misimbo na uendeshe siku mbili tatu. Natarajia upande wa pili ushuke hadi karibu +17, usawa na mwenzake, na hapo ndipo kosa la pili litakapobaki peke yake. Kosa linaloonekana pande zote mbili kwa kiwango kilekile, tena lisilobadilika na mizunguko, halitokani na sensa ya oksijeni, bali huko juu ambako hewa ni moja kwa silinda zote sita. Piga hesabu: bomba la milimita 76 lina eneo kubwa kuliko la 70 kwa takriban asilimia 18, kwa hiyo hewa ileile hupita mbele ya sensa ya hewa kwa mwendo mdogo zaidi, nayo huripoti pungufu. Hiyo ndiyo +17 yako, karibu tarakimu kwa tarakimu. Si jambo la kupuuza, maana ukikanyaga hadi mwisho kompyuta hutegemea zaidi kipimo cha hewa kuliko sensa ya oksijeni, na injini yenye mafuta pungufu ikiwa na mzigo huanza kugonga na huweza kutoboa pistoni. Rudisha boksi la filta la awali. Koni ni nzuri kwa mlio. Sijaona faida yake nyingine katika gari ambalo kompyuta yake haijapangwa upya.

Misimbo P0420 na P0430 inasema tu kwamba masega hayafanyi kazi, nayo hayapo. Sensa za nyuma zinauona moshi uleule uliopita kwenye za mbele kwa sababu hakuna kinachousafisha katikati yake, kwa hiyo usiziguse. Vile vipande vya chuma vya kuisogeza sensa nyuma, vinavyouzwa kama dawa ya taa hiyo, huficha msimbo bila kusafisha chochote, na mimi sivipendekezi.

Ukitaka uhakika wa mwisho kuhusu sensa zenyewe, ipime hita ya kila moja ya mbele, yaani waya wa ndani unaoipasha sensa moto, kwa mita ikiwa baridi: za Toyota za aina hii huwa kati ya omu 1.8 na 3.4. Kisha mwombe mwenye mashine kamili ya Toyota aamuru mafuta yaongezwe kwa asilimia 25. Sensa nzima itashuka chini ya volti 3.0, na yakipunguzwa kwa asilimia 12.5 itapanda juu ya 3.35. Anza jaribio hilo na ile sensa iliyokuja na gari, kama hukuitupa. Ikifaulu, irudishe mahali pake, na hizo mbili mpya uzihifadhi kama spea.