Kwa nini wingu la radi linakuwa bapa kileleni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa hapa Igombe. Alfajiri tukisubiri mitumbwi nayaona mawingu makubwa juu ya ziwa yakipanda, yakifika kileleni yanatandaa bapa kama sinia. Yanazuiwa na nini? Au huko juu hewa imekwisha?
– Msomaji, Igombe

JIBU: Marahaba, mama. Hewa haijaisha. Ukiacha mvuke, mchanganyiko wa huko ni uleule tunaovuta hapa: naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, inayobaki karibu yote ni agoni, na hewa ukaa kama asilimia 0.04. Kinachopungua ni wingi wake. Hata sisi Mwanza tuko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, ndiyo maana maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 96, si 100.

Kinacholizuia wingu ni joto. Usiku nchi kavu hupoa upesi, ziwa likabaki na uvuguvugu. Pepo za pande zote huvuma kuelekea ziwani, zikikutana hewa yenye mvuke haina pa kwenda ila juu. Katika tabaka hili la chini, troposfia, kila kilomita moja unayopanda joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5. Lakini mvuke ukigeuka matone hutoa joto, kwa hiyo hewa ya wingu inabaki na joto kuliko ya jirani yake, nayo inazidi kupanda.

Huku kwetu karibu na ikweta hupanda hadi kilomita 16 au 17, penye baridi ya nyuzi 75 hivi chini ya sifuri. Kwenye ncha za dunia mpaka huo uko kama kilomita 8 tu. Penye mpaka huo ndipo tabaka la pili, stratosfia, linapoanza, na mambo yanageuka: gesi ya ozoni hunyonya miale mikali ya jua, basi kadiri unavyopanda joto linaongezeka, hadi karibu kilomita 50. Wingu likikuta hewa yenye joto kuliko lenyewe, linatawanyika kando. Sinia unaloliona ni chembe za barafu.

Nakuomba uwaambie vijana wa mitumbwini: sinia hilo huvutwa na upepo wa huko juu, ambao mara nyingi si huu unaosukuma mawimbi. Likielekea Ukerewe, dhoruba yenyewe inaweza kuwa inakuja Igombe. Waangalie chini ya wingu. Wakipigwa na upepo wa baridi wa ghafla, hiyo ni hewa iliyoporomoka pamoja na mvua. Wavute nyavu wakimbilie ufukweni.